Bi Ngiri na Paka Aliyependwa Mno

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia huku anapiga miayo? Tunaanza upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Wadogo kaeni mbele, wakubwa sogeeni, na wewe uliyembana kuku kwapani mlegeze kidogo apumue, hadithi hii inamhusu. Hapo zamani za kale, wanyama wa mwituni walipokuwa na nyumba, na baraza, na majirani wa kuwasengenya, alikuwako Bi Ngiri wa kijiji cha Vichakani.

Bi Ngiri alikuwa mjane. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kuchimba mizizi, akakutana na Simba njiani. Wakazungumza kidogo. Mazungumzo yakaisha vizuri, upande wa Simba. Watoto wake wanne wakakua, wakainua mikia juu, tii, kila mmoja akaenda kuchimba shimo lake mbali. Bi Ngiri akabaki peke yake katika shimo lenye vyumba vitatu. Akipika, anapikia mdomo mmoja. Akisema, ukuta haujibu. Jioni anaingia ndani kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, anautazama mlango, na mlangoni haji mtu.

Upweke si jambo la kuchekwa, jamani. Kucheka kutakuja, subirini.

Mwaka huo Bi Twiga alipata kasuku. Alimpata wapi, hatujui. Alimfunga juu ya kibao, akawa anatembea naye kijiji kizima. Nyati naye akaona aibu kubaki nyuma, akatafuta sungura mweupe. Pundamilia akatafuta bata mwenye milia. Alipomkosa, akampaka rangi yule aliyempata. Ikawa hivyo Vichakani: kama huna mnyama wa kufuga, huna la kusema barazani. Unakaa pembeni unachokonoa meno.

Bi Ngiri akakaa pembeni, akachokonoa meno. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu akapita Nyani mchuuzi, kikapu mgongoni, na ndani ya kikapu mna kitu kinalia: nyau, nyau.

"Nini hicho?" akauliza Bi Ngiri.

"Paka, mama. Paka wa kikweli. Manyoya laini, macho mawili, mkia mmoja, hakuna kilichopungua."

Bi Ngiri akachungulia. Paka akachungulia. Alikuwa mdogo, rangi ya majivu, na miguu yake minne myeupe kana kwamba amekanyaga unga. Moyo wa Bi Ngiri ukayeyuka, tiriri, kama samli juani.

Akampa Nyani vikapu vitatu vya viazi vikuu. Hakuuliza huyu mnyama anakula nini. Hakuuliza analala vipi, anaugua nini, anapenda nini. Aliuliza swali moja tu:

"Kasuku wa Bi Twiga na huyu wangu, nani mzuri zaidi?"

"Lo, mama! Huyu wako," akasema Nyani, naye viazi vimo mgongoni tayari.

Basi Bi Ngiri akampeleka paka nyumbani, akampa jina. Akamwita Malkia Lulumarjani. Paka akasema, "Mimi naitwa Chiku." Alisema kwa lugha ileile wanayosema wanyama wote, maneno matatu, wazi kabisa. Bi Ngiri akapiga makofi.

"Mnamsikia! Ananiita mama!"

Sasa yakaanza mapenzi. Nisikilizeni niwaeleze mapenzi ya Bi Ngiri, maana mapenzi ya namna hii hayakuisha zamani zile.

Asubuhi akampikia paka mizizi. Mizizi iliyochaguliwa, minene, yenye udongo kidogo wa kuongeza ladha. Paka akaitazama. Akainusa. Akaisukuma kwa mguu mweupe.

"Mimi nakula nyama," akasema paka. "Au samaki. Hata dagaa wawili."

"Anaona haya kula mbele yangu," akasema Bi Ngiri. "Adabu gani hii! Amelelewa huyu."

Mchana akampeleka kuoga. Bi Ngiri anaogea wapi? Kwenye tope. Tope zuri, jeusi, zito, linaloponya kila kitu kwenye ngozi ya ngiri. Akamtumbukiza paka, chubwi! Akamgeuza upande wa pili, chubwi! Paka akalia mpaka ndege wakahama mtini.

"Mimi naoga mwenyewe, kwa ulimi!"

"Msikieni anavyoimba akiwa majini," akasema Bi Ngiri.

Alasiri akamfunga kamba shingoni, akaipigilia kamba kwenye kigingi mbele ya mlango, pale wapita njia wote wanapomwona. Kipepeo akapita, paka akaruka, kamba ikamvuta, gwa! Akaanguka. Jani likapeperuka, paka akaruka, kamba ikamvuta, gwa! Akaanguka. Bi Ngiri akacheka kwa furaha.

"Anacheza!"

Maji ya kunywa alimpa kwenye bakuli lililochongwa vizuri mno, lina maua pembeni. Aliyabadilisha lini? Swali zuri. Bakuli lilikuwa zuri mno hata hakuna aliyeona yaliyomo.

Majirani wakaja. Twiga akainama kutoka juu, Nyati akasogeza pembe zake. "Bi Ngiri, umepata! Bi Ngiri, kapendeza! Bi Ngiri, macho yake yanang'aa!" Yalikuwa yanang'aa kwa machozi, lakini tusiwaharibie watu sifa zao. Na Bi Ngiri akakaa katikati ya baraza, si pembeni tena. Watu wakimwuliza swali, anajibu. Jioni akiingia ndani kinyumenyume, anamvuta paka kwa kamba, anamlaza karibu yake, na chumba hakiwi kitupu. Mnaona? Alimpenda kweli. Msidhani nasema hakumpenda.

Jirani mmoja tu hakusifu. Huyo ni Bi Nungunungu, aliyekaa nyuma ya kichuguu, mwenye miiba mgongoni na miiba zaidi ulimini. Naye alikuwa na mnyama wa kufuga, mbwa mzee wa sikio moja. Hakuna aliyekuja kumtazama mbwa wa sikio moja. Lakini mbwa yule manyoya yake yalimeremeta na mkia wake haukutulia.

Bi Nungunungu akasimama mbele ya kigingi, akamtazama paka muda mrefu.

"Huyu anakula nini?" akauliza.

"Anakula ninachokula mimi," akajibu Bi Ngiri. "Mimi si mbaguzi, jirani. Kwangu hakuna sahani ya bwana na sahani ya mtwana."

"Ala! Basi Simba naye hakuwa mbaguzi. Alimkaribisha mumeo kwenye chakula chake."

Bi Ngiri akageuza uso. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Miezi miwili ikapita. Paka akaishi, ndiyo, akaishi, na sababu ya kuishi kwake haikuwa ile mizizi. Ghala la Bi Ngiri lilikuwa na viazi, na penye viazi pana panya, na kamba ya paka ilifika mpaka mlango wa ghala. Panya mmoja leo, panya mmoja kesho kutwa. Hivyo ndivyo alivyopata riziki yake, kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Asubuhi Bi Ngiri anakuta sahani ya mizizi imesukumwa pembeni, anaila mwenyewe, anasema, "Ameniachia! Ananionea huruma mamaye!"

Lakini panya mmoja kwa siku mbili hamwondolei mtu viroboto. Viroboto wakaja, wakaleta jamaa zao, wakajenga. Paka akajikuna. Krr, krr, krr. Manyoya yakaanza kudondoka mgongoni, yakadondoka shingoni panaposuguliwa na kamba. Mbavu zikaanza kuhesabika.

"Najikuna," akasema paka. "Naumwa. Niangalie shingo."

Bi Ngiri akamwangalia. Hakuangalia shingo, aliangalia barabarani, maana Bi Twiga alikuwa anapita. Akamgeuza paka upande wenye manyoya.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akajiambia: hili si bure. Mnyama anayependwa hivi atadhoofuje? Hii ni husuda. Kuna jicho. Na jicho hilo linakaa nyuma ya kichuguu na lina miiba.

Akamwita Kunguru. Kunguru huyu alikuwa tabibu. Nani alimfundisha utabibu? Alijifundisha mwenyewe, siku moja, kabla ya chakula cha mchana. Akaja na mfuko wa vitu vinavyong'aa. Akamzunguka paka mara tatu, akakohoa, akafumba jicho moja.

"Husuda," akasema Kunguru.

"Nilijua!" akasema Bi Ngiri.

"Husuda nzito. Dawa yake ni njuga saba shingoni. Jicho baya likija, litasikia njuga, litakimbia."

Paka akasema, "Dawa yangu ni maji safi na kipande cha samaki."

"Hiyo ni husuda inayosema," akasema Kunguru.

Njuga saba zikafungwa. Tangu hapo paka akipumua, nje. Akigeuka, nje-nje. Akiinua mguu, nje-nje-nje-nje. Bi Ngiri akafurahi, nyumba imechangamka. Na kuna wengine waliofurahi zaidi: panya. Kwanza wakaogopa. Kisha wakaelewa. Njuga zikilia mlangoni, wao wanahamia nyuma ya ghala. Njuga zikilia nyuma, wanahamia mlangoni. Baadaye wakaacha hata kuhama, wakawa wanacheza ngoma. Wakaita wajomba zao wa kijiji cha pili. Viazi vikapungua, panya wakanenepa, na paka akakosa hata yule mmoja wa kesho kutwa.

Sikitikeni, lakini sikitikeni taratibu, bado tuna sherehe ya kwenda.

Bi Twiga alitangaza siku ya kuwaonyesha wanyama wa kufuga. Kila mtu alete wake, watazamwe, wasifiwe, watu wale wanywe. Kwa siku tatu Bi Ngiri hakupumzika. Akamsugua paka kwa tope, akamkausha, akampaka mafuta ya mawese mpaka manyoya machache yaliyobaki yakalala kwenye ngozi. Akampaka wanja. Akamfunga kitambaa chekundu kifuani kufunika mbavu. Paka hakupinga. Siku hizo alikuwa anasema neno mojamoja tu. "Maji," anasema. Kisha analala. "Maji."

"Ana hamu ya sherehe," akasema Bi Ngiri.

Wakafika uwanjani, jua la asubuhi, watu wote wapo. Kasuku wa Bi Twiga yuko juu ya kibao, kifua chake kitupu, manyoya amejing'oa mwenyewe kwa kuchoka kukaa. Bi Twiga akaeleza kwamba hiyo ndiyo mitindo mipya. Sungura wa Nyati alikuwa mnene hata hawezi kuruka, Nyati akasema ni neema. Bata wa Pundamilia hakuja. Waliambiwa rangi ilikuwa na matatizo.

Zamu ya Bi Ngiri ikafika. Akatembea mpaka katikati, mkia juu, kamba mkononi, njuga zinalia nje, nje, nje. Paka akatembea hatua nne. Hatua ya tano, miguu ya mbele ikakunjika. Kichwa kikashuka mpaka mavumbini. Njuga zikanyamaza.

"Amesujudu!" akapaza sauti Nyati.

"Amewasalimu wageni!" akasema Bi Twiga. "Adabu iliyoje!"

Watu wakapiga makofi, kwa, kwa, kwa. Wakampigia vigelegele. Bi Ngiri akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto. Lakini paka hakuinuka. Tabasamu likabaki usoni mwa Bi Ngiri kama mgeni asiyejua aondoke lini.

Kutoka nyuma ya watu ikaja sauti ya Bi Nungunungu. "Ninyi mna macho au mna mashimo? Huyo hasalimu. Huyo anakufa."

Bi Ngiri akahisi uso unawaka.

"Wivu!" akapiga kelele. "Umemroga, sasa umekuja kutazama kazi yako! Kamtazame mbwa wako wa sikio moja!"

Akamnyanyua paka, akaondoka. Njiani akashangaa. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu alimoletwa.

Nyumbani akamlaza juu ya majani makavu. Akamletea mzizi, mnene kuliko yote. Paka hakuusukuma. Akamletea bakuli lenye maua. Paka hakuinua kichwa. Bi Ngiri akapiga magoti, kama ngiri wapigavyo magoti wakila, lakini hapakuwa na cha kula.

"Lulumarjani."

Kimya.

"Sema basi. Imba kidogo. Niite mama."

Kimya. Hata njuga hazikulia, maana kifua kilikuwa kinapanda kidogo mno.

Bi Ngiri akakaa katika ukimya ule. Ulikuwa ni ukimya anaoufahamu, wa zamani, wa kabla ya kikapu cha Nyani. Akatamani asikie sauti ya paka mara moja tu. Akaanza kuikumbuka. Alisema nini siku ile ya mizizi? Aliimba... hapana. Hakuimba. Alisema, *mimi nakula nyama*. Na siku ya tope? Alisema anaoga mwenyewe. Na shingo? Alisema, *naumwa, niangalie*. Na jana, na juzi, na siku ya kabla ya juzi: maji, maji, maji. Bi Ngiri akainama juu ya bakuli zuri, kwa mara ya kwanza akaangalia ndani. Mlikuwa na ukungu wa kijani, na nzi wawili waliokufa, na kitu cha tatu kilichokuwa bado kinaogelea.

Akalia. Si kilio cha barazani, kile cha kutazamwa. Alilia kwa kukoroma, hrr, hrr, kilio kibaya kisichopendeza.

Na baada ya kulia akafanya jambo gumu kuliko kulia. Akamchukua paka, akainua mkia, akatoka mbio. Akapita barazani mchana kweupe, watu wote wanamwona. Akapita mbele ya Bi Twiga. Bi Twiga akauliza, "Unakwenda wapi na Malkia?" Akazunguka kichuguu, akasimama mlangoni pa Bi Nungunungu, mate yanamtoka.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Nungunungu. "Wivu wangu uko jikoni, unachemka. Utaungoja au una haraka?"

"Dada yangu, nisamehe. Nitukane baadaye. Nitukane mwezi mzima. Msaidie huyu."

Bi Nungunungu akamtazama. Ulimi wake ulikuwa na miiba mingine mingi tayari, alikuwa ameinoa. Akaimeza yote. "Mlete kivulini," akasema.

Kwanza akakata kamba. Kisha akakata njuga, moja moja, akazitupa nje. Chini ya kamba shingo ilikuwa kidonda kitupu. Bi Ngiri akafumba macho.

"Fumbua," akasema Bi Nungunungu. "Ulikuwa umeyafumba miezi miwili, yamepumzika ya kutosha."

Akaleta maji safi kwenye kifuu cha nazi, kifuu cha kawaida kisicho na ua hata moja. Akachovya kidole, akamtia paka tone mdomoni. Tone. Tone. Kisha akainama sikioni pake.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Midomo ikacheza. "Chiku," akasema paka.

Bi Ngiri akasikia. Akasikia vizuri kabisa, neno moja, silabi mbili. Akashangaa jinsi lilivyokuwa rahisi kusikika.

"Atakaa kwangu mpaka apone," akasema Bi Nungunungu. "Na wewe utakuja kila siku. Hutakuja kumtazama, utakuja kufanya kazi. Kesho lete samaki."

"Mimi? Samaki? Ukoo wetu hatushiki samaki."

"Ukoo wake unakula."

Basi Bi Ngiri, mjane wa heshima, akashuka mtoni asubuhi, akasimama kwenye foleni ya Fisimaji mvuvi, nyuma ya korongo na mbele ya kenge, akabeba dagaa mdomoni. Harufu ikamfuata kijiji kizima. Barazani wakaziba pua. "Bi Ngiri siku hizi ananukia bahari!" Akatamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Akafikisha dagaa.

Siku ya kwanza paka alikunywa mchuzi. Siku ya pili akala dagaa mmoja. Siku ya tatu Bi Nungunungu akajing'oa mwiba mmoja mrefu mgongoni, akamkabidhi Bi Ngiri. "Chana viroboto." Bi Ngiri akachana. Akichana vibaya, paka anasema, "Aa, hapo panauma," na Bi Ngiri anaacha. Akichana vizuri, paka anakoroma taratibu, ngrrr, ngrrr.

"Anasema nini hapo?" akauliza Bi Ngiri kwa unyonge. Hakutaka tena kubahatisha.

"Hapo amefurahi," akasema Bi Nungunungu. "Hilo usilielewe vibaya, ndilo pekee lisilohitaji mkalimani."

Siku ya saba paka akasimama. Akatembea mpaka kwa yule mbwa wa sikio moja, akamnusa, akampiga kofi dogo puani. Mbwa akarudi nyuma, akatikisa mkia. Siku ya nane Bi Ngiri akasokota katani, akafunga unyoya wa kanga mwishoni, akauburuta chini polepole. Macho ya paka yakawa makubwa. Akalala chini. Akatikisa matako. Akaruka, pu! Akaukamata. Bi Ngiri akacheka mpaka akaanguka ubavu. Akauburuta tena. Akacheka tena. Hakukuwa na mtu anayetazama, hakuna jirani, hakuna sifa, na alikuwa hajafurahi hivyo tangu watoto wake walipokuwa wadogo.

Siku ya tisa Kunguru akatua juu ya kichuguu.

"Nimesikia mgonjwa amepona," akasema. "Sikushangaa. Njuga zangu hazijawahi kushindwa. Nimekuja kuchukua shukrani yangu, viazi vikapu viwili vitatosha."

Paka akamtazama. Hakuwa na kamba. Hakuwa na njuga. Alikuwa na siku tisa za samaki mwilini. Akalala chini, akatikisa matako.

Tabibu alikuwa na bahati, aliondoka akiwa hai. Mkia wake ulibaki pale, manyoya matatu meusi. Tangu hapo husuda ikamwingia yeye mwenyewe, akawa anaruka upande upande.

Ikafika siku ya kuondoka. Bi Ngiri akaja mapema, ameoga, hana kamba mkononi. Akasimama mbele ya paka. Kisha akafanya kile ambacho hakuwahi kufanya.

"Chiku," akasema, "wewe unataka kukaa wapi?"

Paka akajilamba mguu mmoja mweupe. Akajilamba wa pili. Paka hawana haraka na maswali mazuri. Bi Ngiri akangoja. Moyo unadunda, du, du, du. Akajua jibu linaweza kuwa lile asilolitaka, na akajua safari hii atalisikia vilevile lilivyo.

"Kwa Bi Nungunungu kuna dawa na adabu," akasema paka hatimaye. "Lakini hakuna ghala. Kwako kuna panya wanaocheza ngoma. Nitarudi kwako. Usidhani ni kwa ajili ya machozi yako, ni kwa ajili ya panya."

"Ni sawa," akasema Bi Ngiri.

"Kamba sitaki. Tope sitaki. Maji kila asubuhi. Samaki siku ambazo panya ni wajanja. Nitatoka nikitaka, nitaingia nikitaka."

"Ni sawa."

"Na ule unyoya," akasema paka, akatazama pembeni kama mtu anayeona haya, "uje nao."

Wakaenda nyumbani. Paka akaingia ghalani. Ngoma ya panya ikakatika katikati ya wimbo.

Mwezi ukapita. Siku moja Bi Twiga akaja, shingo imeinama, kasuku wake yuko juu ya kibao, kifua kitupu, mgongo sasa nao mtupu.

"Bi Ngiri, shoga yangu, wa kwako umemfanyaje hata akapendeza hivi? Niambie siri. Ni mafuta gani? Ni hirizi gani?"

"Umemuuliza anataka nini?" akasema Bi Ngiri.

"Nani? Kasuku?" Bi Twiga akacheka. "Kasuku huyu hana neno. Siku nzima anasema kitu kilekile: 'Nifungue, nifungue, nifungue.' Hata sijui alijifunza wapi wimbo huo."

Bi Ngiri akamtazama kwa huruma, maana maneno hayo aliyajua yalikotoka. Akaenda ndani, akatoka na kisu kidogo, akamwekea Bi Twiga mkononi. Na kama Bi Twiga alikata kamba au alikitia kisu mkobani kwa kuwa kilikuwa kinang'aa, hilo mkamwulize mwenyewe.

Wasikilizaji wangu, mafunzo yake ni haya, nayasema wazi asije mtu akasema hakuelewa. Mnyama uliyemfunga kwako hawezi kwenda sokoni, hawezi kwenda kisimani, hawezi kwenda kwa tabibu. Wewe ndiye soko lake, ndiye kisima chake. Mlishe chakula chake, si chako. Mpe maji safi, bakuli baadaye. Akijikuna, mwangalie, akitaka kucheza, cheza naye. Na ukitaka kitu cha kupendeza kisichosema na kisichokula, nunua mtungi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa nzuri, igawaneni. Ikiwa mbaya, niachieni mwenyewe niitafune. Na wewe mwenye kuku kwapani, mbona amenyamaza?